Mume wangu anataka tuhamie Windows mpya, hajui folda ya marehemu mtoto wetu haina kitu

Admin, jina langu libaki huko huko kwako. Nina miaka 34, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nina steshenari ndogo: natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu maombi ya kazi na ya vyuo. Mume wangu ni bwana mifugo Chemba, anakuja Ijumaa anaondoka Jumapili. Ni mpole, sina la kumsema. Natanguliza hilo kwa sababu humu mkisikia neno mume tu mnakimbilia "achana naye".

Binti yetu wa kwanza nitamwita Nyemo, si jina lake. Alifariki kwa malaria akiwa na miaka minne. Picha na video zake zote, kila simu ya baba yake ilipojaa, alizihamishia kwenye kompyuta ya dukani. Aliziweka kwenye folda moja yenye jina la mtoto, pale mbele kabisa kwenye Desktop. Simu yenyewe ikaja kufa. Kwa hiyo mtoto alibaki mle tu. Baada ya msiba baba yake hakuwahi kuifungua. Akija dukani anakaa, anaitazama folda, ananyanyuka. "Bado," ananiambia. Na mimi sikuifungua.

Miaka miwili iliyopita, msimu wa maombi ya vyuo, kompyuta ikawa nzito, inaganda ganda, wateja wamejaa benchi zima. Nikamwita fundi wangu, mtu mzima mwenye kibanda chake karibu na soko. Akasema dawa ni kupiga windo, yaani afute aweke upya. Akaniuliza lile swali lao la siku zote, "Mama Nyemo, vitu vyako viko C au D?" Nikamjibu bila hata kuinua kichwa, "D, vyote." Kompyuta ina sehemu mbili za kuhifadhia, C na D, na kazi za wateja kweli naziweka D. Ila kinachokaa Desktop kinakaa C, na C ndiyo inayofutwa. Nilikuwa najua hilo, wala siwezi kusingizia ushamba. Nilikuwa namwonyesha mteja mahali pa kusaini.

Niligundua baada ya wiki mbili, na wiki hizo mume wangu hakuja, alikuwa kwenye chanjo ya ng'ombe. Wiki mbili nzima nafanya kazi kwenye kompyuta ile ile na sijaona kwamba mwanangu hayumo. Fundi akahangaika na programu zake siku tatu kujaribu kuzirudisha. Vilirudi vyeti vya watu, zikarudi kadi za sendofu, ikarudi hata ratiba ya kwaya. Yeye hakurudi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nikafungua folda mpya, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa kama alivyoandika baba yake, nikaisogeza mpaka pale pale ilipokuwa. Mume wangu akaja, akaitazama, akanyanyuka. Miaka miwili anaitazama.

Mtaniuliza dhamiri yangu ilikuwa wapi. Sijui. Kulia sikulia. Nalala vizuri, nakula, nafungua duka saa moja. Ni kama ganzi ya mguu, unajua ni wako ila ukiufinya husikii. Hata sasa naandika haya kati ya mteja na mteja.

Sasa Windows 10 muda wake umeisha, na kila asubuhi linakuja tangazo linafunika kioo chote, linanitaka nihamie 11. Nabonyeza kwamba nikumbushwe baadaye, naendelea. Ijumaa iliyopita mume wangu akaliona. "Mama Nyemo, hili usilipuuze," akasema. "Watu wanaweka namba zao za siri humu. Wakiibiwa utawaambia nini?" Nikamjibu kwamba mashine yenyewe ni ya zamani, fundi alisema haitapokea hiyo mpya mpaka ifutwe yote. Nilidhani hapo nimemkwamisha. Akasema, "Basi tuzitoe kwanza picha za mtoto. Nadhani sasa naweza kumtazama."

Jumamosi akaenda mwenyewe mjini akanunua flash. Akaniambia Ijumaa akirudi tutafungua pamoja, na mdogo wake Nyemo akae katikati yetu amwone dada yake, maana yeye alizaliwa nyuma, hajawahi kumwona.

Jumatatu nikamfuata fundi, nikamweleza. Akasikiliza huku bisibisi iko mkononi, akasema, "Tuiwahi, Mama Nyemo. Nije Alhamisi niiweke hiyo mpya. Baba akija mwambie ilijihamisha yenyewe, siku hizi zinajihamisha, imefuta kila kitu. Akitaka kugomba aje agombe na mimi, nimezoea." Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akanijibu, "Ya kwako ina miaka miwili na bado unatembea."

Na kweli mume wangu ataamini. Namjua. Hatanigombeza mimi wala fundi. Atanikalisha chini, atanishika mkono, atanipa pole. Hapo ndipo ninaposhindwa, admin. Mengine yote nimeyabeba, lakini kukaa pale nikapokea pole yake, sidhani kama naweza. Nikikataa kuhamia, Ijumaa ataifungua folda mwenyewe, mtoto yuko katikati, na atakuta weupe mtupu.

Leo ni Jumatano. Fundi ananiuliza kwa ujumbe, aje au asije. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na kama yupo kati yenu aliyewahi kumwambia mwenzake jambo la namna hii, asinihubirie, aniambie tu alianza na neno gani.