Kuku wa Nyuma ya Banda

Elifuraha alikuwa mama wa kulisha watu. Kwake Nkoaranga, huko juu mlimani ambako njia ni mteremko mtupu, ukipita usile umemkosea. Alipoolewa, mama mkwe alimfundisha kwamba sahani ya mwanamume hujazwa mpaka ukingo usionekane, na mwanamke hula baadaye jikoni, kile kilichobaki. Alimjazia mumewe Philemoni hivyo hivyo miaka yote, mpaka presha ikamchukua, mzee akiwa mzito kiasi kwamba waliobeba jeneza walipumzika mara kwa mara kwenye kipandio cha kwenda makaburini.

Msiba ulipoisha, sahani ile ile ya bati ya bluu akaanza kumjazia Gadiel, kifungua mimba wake, fundi umeme mjini Arusha, ambaye hupanda nyumbani kila Jumapili.

"Kula, baba," alikuwa akimwambia. "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii."

Na Gadiel alikula. Akimaliza anaongezwa, akiongezwa anamaliza. Elifuraha aliinua sahani tupu huku moyo wake ukimshukuru Mungu.

Aliyemnyima usingizi ni binti yake, Evelyn, mwembamba kama fito. Redioni alisikia kwamba wasichana wa siku hizi wanajinyima chakula ili wapungue, basi akawa anamlinda. Alichungulia sufuria, akamwangalia matonge, hata jina lake akalipeleka kwenye maombi ya akina mama usharikani.

"Mama, mwili huu ni wa bibi," Evelyn alimtania. "Kamdai bibi."

"Bibi yako alishuka na mkungu wa ndizi kichwani mpaka Tengeru. Wewe unabeba simu."

Jumapili moja ya mvua za masika, baada ya ibada, alipika machalari, ndizi zimelainika na nyama ya mafuta. Gadiel alimaliza sahani mbili, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Elifuraha naye akachukua panga akakate mgomba wa kumlisha ng'ombe. Akaona kuku wote wanakimbilia nyuma ya banda. Walifanya hivyo kila Jumapili mchana, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini. Siku hiyo akawafuata.

Gadiel alikuwa amechuchumaa kati ya migomba, vidole viwili vimezama kooni. Chakula chote cha mchana kilikuwa pale chini, na kuku wanakigombea.

Panga lilimtoka mkononi. Wazo la kwanza lilikuwa sumu. Bwana Yesu, nimemlisha nini mtoto wangu?

"Baba, unaumwa?"

Gadiel alijifuta mdomo kwa jani, hakumtazama. "Siumwi, mama. Najitapisha."

"Unajifanya nini?"

"Najitapisha. Kila nikila hapa. Siku hizi hata mjini."

Akaketi palepale kwenye matope na kitenge chake cha kanisani. Mwanamume aliyemjua yeye hutapika kwa pombe, au kwa malaria. Akamshika Gadiel mkono. Kwenye vifundo vya vidole kulikuwa na makovu ambayo siku zote alidhani ni ya kazi ya nyaya; sasa aliona ni ya meno.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikibakiza, unaona nimekukataa. Kikikaa tumboni, naona nakuwa kama baba. Lile jeneza nililibeba mimi, mama, upande wa mbele. Bado nalisikia begani."

Evelyn alikuwa amewafuata, amesimama kando ya banda.

"Na wewe ulijua?" Elifuraha akamuuliza.

"Nilihisi tu. Lakini mama, mimi nikiacha tonge moja unaniombea usharikani. Yeye akimaliza, unamwongezea."

Elifuraha aliliokota panga kwenye matope, akalifuta kwa kitenge.

Kesho yake waliteremka hospitali, yeye na Gadiel. Daktari alisema ni ugonjwa, unawapata wanaume pia, unatibika, ila polepole na kwa kurudi mara nyingi. Kisha akamgeukia Elifuraha. "Na wewe mama, unakula wapi?"

"Jikoni," akajibu. "Kile kinachobaki." Akajisikia aibu, asijue ni ya nini.

Jumapili iliyofuata aliweka bakuli katikati ya meza, kila mtu ajipakulie. Akaketi nao. Alijiona kama mgeni nyumbani kwake, hakujua hata viwiko aviweke wapi. Gadiel alichota kidogo, akala taratibu, akabakiza vipande viwili vya ndizi.

"Nimeshiba, mama."

Neno "malizia" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akaling'ata. Chini ya meza alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Haya, baba."

Kupitia mlangoni aliwaona kuku wamekusanyika nyuma ya banda, shingo juu, wanangoja. Gadiel naye aliwaona. Paji la uso lilimtoka jasho, lakini hakuinuka. Evelyn akaanza kusimulia habari za mwalimu wa kwaya aliyesinzia kwenye mahubiri, na Elifuraha akaitikia bila kusikia, macho yake mlangoni, mpaka kuku mmoja akaondoka kwenda kuchakura kwenye mahindi, na wengine wakamfuata.