Hirizi za Kwenye Kofia

Juzi, pale Mikumi, nilimwona mzee wa Kizungu kavaa kofia iliyochomekwa vipande vya ngozi yenye manyoya. Ghafla harufu ya gundi ya Mjomba ikanijia puani.

Nilipokuwa mtoto, Mjomba alikuwa fundi viatu Mabwerebwere, enzi viatu vya mitumba vilipoanza kufurika Kilosa. Watu walimletea pia hirizi azishonee ngozi. Alasiri moja akaja Mzungu na ndoano ndogo. Mjomba akakata ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, akaufunga kwenye ndoano kwa uzi mwekundu, huku akipuliza manyoya yasimame.

"Mjomba, mbona hirizi hiyo ina ndoano?"

"Ili isidondoke," akajibu bila kuinua macho.

Mzungu akaichomeka kwenye kofia, palipokuwa na nyingine tele. Maradhi yote yale, mtu mmoja! Nikamsogelea.

"Shikamoo. Pole sana."

"Asante," akasema, akinishangaa.

Siku hizi najua ni chambo tu, samaki adhani ni mdudu. Lakini juzi, nilipopishana na yule mzee, mdomo ulinitangulia.

"Pole sana."

"Asante," akaitika, naye akanishangaa vilevile.