Mtu wa Taa ya Kileleni

Zamani jengo refu kuliko yote nchini lilikuwa Posta, ghorofa nne, na watu walivaa nguo za kupigia picha ili tu wakalitazame. Walisimama ng'ambo ya barabara, shingo nyuma, midomo wazi, na wezi wa mifukoni wakaonja maendeleo kabla ya taifa. Kisha benki ikajenga jengo lililoifanya Posta ionekane kama kiatu kilichosahaulika mlangoni. Lifti yake ilizinduliwa na waziri, ikakwama na waziri, na hotuba akaitolea humo humo ndani. Waliokuwepo wanasema ndiyo hotuba yake bora, kwa sababu haikusikika.

Shirika la bima halikulala. Likajenga jengo lililoizidi benki ghorofa moja. Benki ikasimika mlingoti wa bendera juu ya paa. Bima ikasimika antena ya redio, ingawa redio yenyewe haikuwa nayo. Benki ikarefusha mlingoti. Watu wazima wenye digrii na vitambi walikuwa wakishindana kama watoto wanaosimamia vidole vya miguu mbele ya kioo, na walimu wa jiografia wakawa wanafuta ubao kila muhula.

Mtu mmoja tu alifaidi vita ile. Ni fundi umeme wa mtaani kwetu, na mtaa ulimpa jina la Balbu. Kila ncha ndefu lazima iwe na taa nyekundu, rubani asije akaingia benki bila kupitia mlangoni. Taa huungua, na ikiungua mtu apande. Wahandisi waliitazama ile ngazi nyembamba iliyoungwa ubavuni mwa mlingoti, wakakumbuka kwamba wana watoto. Balbu naye alikuwa na watoto, ila yeye hakukumbuka. Akapanda Posta, akapanda benki, akapanda bima, na kila taifa lilipopata kichwa kipya, yeye ndiye aliyekivisha kofia.

"Mlingoti unayumba," hutusimulia pale kwa kinyozi. "Taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ukishindana nao unatapika. Ukiuachia, unakubeba."

"Na unaona nini?"

"Mvua. Naiona ikija toka mbali, imesimama kwa miguu yake, inatembea juu ya mabati mtaa kwa mtaa. Na ninyi huku chini mnaanika nguo."

Hapo hata kinyozi husimamisha mkasi, na anayenyolewa hukaa na nusu kichwa bila kulalamika.

Juu ya mlingoti hapandi mtu na simu. Kinachoweza kuponyoka huachwa chini, maana simu ikidondoka kutoka kule haiulizi kichwa ni cha nani. Kwa hiyo Balbu alikuwa na namna yake ya kutuma salamu nyumbani. Alipanda jioni, na balbu mpya ikishawaka aliifunika kwa kiganja, akaifunua, akaifunika tena, akaifunua. Mara mbili. Maana yake: mama watoto, nimefika, teleka chai. Kisha aliteremka na balbu iliyokufa ndani ya shati, akaiweka juu ya kabati la vyombo, pamoja na wenzake waliotangulia.

"Uliniona?" alimwuliza mkewe.

"Nikuone wapi? Nilikuwa naosha vyombo."

Jibu halikubadilika miaka yote. Nyumba ile ilikuwa na vyombo safi kuliko hospitali.

Sasa ukaja Mnara. Mtaa mzima ulijaribu kuucheka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yetu, tukashindwa. Ulipanda kioo juu ya kioo mpaka shingo zetu zikakataa kuufuata. Siku za mawingu tunauona mpaka kiunoni tu, na mara nyingine kichwa hujitokeza peke yake juu ya wingu, hakina habari na mwili. Asubuhi kivuli chake hulala juu ya benki, juu ya bima, na Posta ile ya watu haijui hata kama kumekucha. Mlevi wetu mmoja aliwahi kuuamkia shikamoo, na hakuna aliyemcheka.

Taa ya kileleni, muuzaji aliapa itatuzika sote. Ikafa kabla maua ya uzinduzi hayajanyauka. Wakamwita Balbu.

Akapiga pasi ovaroli. Nani hupiga pasi ovaroli? Alisema huu ndio wa mwisho, akiushika Mnara atastaafu na kunenepa kama watu wengine. Lakini Mnara haupandishi mtu bila cheti cha daktari, na daktari alimfunga mpira mkononi, akaupampu, akatazama, akaupampu tena.

"Mzee wangu, hii presha yako nayo imejenga ghorofa."

Akamnyima cheti. Balbu alirudi nyumbani, akakaa mezani, akautazama Mnara kupitia dirishani kama mtu aliyenyang'anywa sahani mkono ukiwa njiani.

"Basi nitapanda mimi," akasema Kitinda, binti yake wa mwisho, fundi umeme kama yeye.

"Wewe? Unafikiri ule ni mti wa mapera?"

"Baba, ile taa ya bima mara ya mwisho nani aliibadilisha? Si wewe ulikaa kwenye paa unalilaumu goti?"

Jikoni maji yakaacha kumwagika. Mama akatokea mlangoni, povu limemfika viwikoni.

"Unasema?"

Baba na binti wakatazama meza. 

"Kumbe," mama akasema polepole, "nimekuwa nikiosha vyombo vya watu wawili."

Kitinda cheti alikipata; kazi iliyobaki ilikuwa ya Balbu: kukubali au kukataa. Mkanda wa usalama ulikuwa wake, na Kitinda asingepanda bila ule. Alizunguka nao nyumbani siku nzima, akivuta kila kifungo, akiunusa, mradi tu akute kasoro. Hakukuta. Jioni akamvisha binti yake mwenyewe, akakaza mpaka Kitinda akalalamika kwamba anataka kupanda, si kuzikwa.

Yeye na mkewe walikaa kwenye ukingo wa barabara, ng'ambo ya Mnara. Mama alikuwa amebeba ungo na mchele wa kuchambua. Mlinzi alikuja kusema hapa si sokoni, akautazama uso wa mama, akakumbuka ana kazi upande wa pili.

Ndipo Balbu akainua macho.

Mjue kwamba mtu huyu hakuwahi kumtazama mtu wa kileleni kutoka barabarani. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa juu, na kutoka huko hutazama chini, ambako kila kitu ni kidogo na kimetulia. Sasa kioo kilipanda, kikapanda, kikashika rangi ya jua linalozama, kikaendelea kupanda. Juu kabisa, kwenye mlingoti, kulikuwa na nukta. Inzi ana heshima kuliko nukta ile. Nukta iliwahi kuwa na meno ya utotoni ambayo yeye mwenyewe aliyang'oa kwa uzi.

Akainuka. Akakumbatia nguzo ya taa ya barabarani.

"Mama watoto. Mbona kuko juu hivi?"

"Ndiyo. Kuko juu."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Nukta ikafika kileleni, ikasimama. Balbu alisubiri wekundu. Taa zote alizozijua ziliwaka pale pale ukishazikaza. Hii haikuwaka. Nukta ikahamia upande wa pili wa mlingoti, ikapotea. Kileleni pakawa patupu, na anga kubwa nyuma yake, kubwa mno, haina pa kushika.

"Ameanguka," akasema Balbu.

"Angeanguka tungejua. Kaa."

"Taa haijawaka!"

"Kaa chini, baba. Shika ungo. Chambua, na usitazame juu mpaka umalize huo upande wako. Hivi ndivyo inavyofanywa."

Akakaa, mkono mmoja bado umeikumbatia nguzo. Fundi aliyekaza skrubu ndogo huku dunia ikiyumba chini yake sasa alishindwa na punje. Alitupa mchele, akabakiza mawe. Mama aliona, akaendelea na upande wake.

Kumbe taa za kisasa zina jicho. Jicho likiona bado kuna mwanga, taa inalala tu, hata uikaze vipi. Kitinda alijua. Balbu hakujua, na binti hakufikiri kumwambia, kwa maana nani atamfundisha Balbu mambo ya balbu? Alikuwa amezunguka upande wa pili kulitafuta lile jicho. Akalipata, akalifunika kwa kiganja.

Kilele kikawaka. Kikazima. Kikawaka. Kikazima.

"Mara mbili," mama akasema, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani aliibeba tangu enzi za Posta. "Amefika. Twende tukateleke chai."

Balbu akageuka, nguzo bado kifuani.

"Wewe umejuaje kwamba ni mara mbili?"

Mama akajipangusa macho kwa upande wa kanga, akainuka na ungo wake.

"Vyombo vyangu," akasema, "naoshea dirishani."

Kitinda aliteremka na taa iliyokufa ndani ya shati, akampa mama, si baba. Giza lilipoingia taa mpya ilijiwasha yenyewe, juu kuliko nyota za mwanzo, na wote watatu waliitazama kutoka uani, sahani mapajani. Wali ulikuwa na mawe. Waliyatafuna, shingo nyuma, midomo wazi, na hakuna aliyelalamika.