Muvi Ambayo Kila Mtu Aliiona

Nilikuwa na kibanda Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pembeni tu ya barabara kuu, ambako watu walileta simu na flashi zao niwaingizie nyimbo na muvi. Wateja wangu wakubwa walikuwa madereva wa malori waliopumzisha injini hapo kabla ya kushika njia ya Mbeya. Wengine walishuka kutoka mjini, wengine walikuja na mizigo yao ya sokoni kutoka vijiji vya njia ya Ruaha. Kazi hiyo imeniachia tabia moja ambayo mume wangu haipendi: mtu akiniambia muvi fulani ni kali, simwamini.

Sikuanza hivyo. Kulikuwa na muvi moja ya vita, ya nje, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo watu waliiita "ile ya daraja". Nililetewa na jamaa wa Mbeya aliyekuwa akinitumia mzigo mpya wa muvi kwa basi. Kabla sijapata nafasi ya kuitazama mwenyewe, watu walishaanza kuiulizia. Mama aliyekuja kutafuta kwaya aliondoka na kwaya na daraja. Vijana wa kuosha magari waliichukua wote. Nilipouliza ni kali vipi, jibu lilikuwa lilelile kwa kila mmoja: "We iangalie tu, dada."

Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka. Watu wawili wakiona ajali moja barabarani hawaisimulii sawa, sembuse muvi ya saa mbili. Hawa walikuwa na maneno yaleyale, kama waliofundishwa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku. Nilimtumia nakala kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko, na baada ya muda akanipigia.

"Wifi, ile muvi nimelia! Mwishoni pale nimelia kabisa."

Nikafurahi kwamba amefurahi, nikaendelea na kazi.

Kisha siku moja mchana, ule msimu wa baridi ambao Iringa nzima inatembea imejikunyata, bajaji ilisimama mbele ya kibanda akashuka mama mmoja mzee wa Kihindi. Familia yao ina duka la vitambaa mjini. Alivaa sari na juu yake sweta nene la kiume. Aliniamkia "Kamwene" kwa Kihehe kilichonyooka kuliko changu, maana yeye kazaliwa hapahapa na mimi ni Mnyakyusa wa kuja. Akafungua leso, akatoa flashi.

"Binti, muvi yako haina mwisho."

"Haina mwisho kivipi, mama?"

"Daraja linalipuka, vumbi linajaa, halafu giza. Nimekaa nasubiri mpaka chai imepoa. Mjukuu wangu ananiambia, bibi, ndiyo imeisha hiyo. Nimekataa. Mwanzoni wametuonyesha mama anawaaga watoto wake wawili wanakwenda vitani. Huwezi kunionyesha mama halafu ukaniachia vumbi."

Nilidhani ananizunguka ili nimpe nyingine ya bure. Wateja wa hivyo walikuwepo. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta mbele yake, nikasogeza mpaka mwisho. Giza. Nikafungua ile niliyoletewa kutoka Mbeya, ambayo ndiyo niliyowanakilia wote. Giza palepale. Faili lilikuwa limekatika, na kipande kizima cha mwisho hakikuwemo.

Nilimwomba radhi, nikamwahidi kuitafuta iliyokamilika. Alipoondoka nilikaa kwenye kiti changu nikijiuliza jambo moja. Wimbo ukikwaruza kidogo tu, mtu hurudi siku hiyohiyo kunigombeza. Muvi hii nilikuwa nimeigawa Ipogolo nzima, malori yameibeba mpaka mpakani, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Nikaanza kuwachunguza. Dereva mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alipopita nilimuuliza, "Kaka, ile ya daraja inaishaje?"

"Anashinda."

"Nani?"

"Si steringi!"

"Anashindaje?"

"Dada, na wewe! Umeona wapi steringi akashindwa?"

Nikampigia wifi. Nyuma yake nilisikia mashine inanguruma.

"Ulisema ulilia mwishoni. Mwishoni kuna nini?"

Akamfokea mtu kwanza kuhusu magunia.

"Wifi," akasema, "mbona unanihoji kama polisi?"

Yule jamaa wa Mbeya yeye alicheka. "Inauzika hivyohivyo, mwisho wa nini?" Kumbe naye hakuwahi kuitazama. Wiki hiyo nilikuwa naenda Mbeya kumwona mama yangu, basi nikapita kwake nikamkalia mpaka akaitafuta iliyokamilika. Alinipa huku akilalamika kwamba namchelewesha kwa kitu ambacho hakuna anayekihitaji.

Njiani kurudi nilishaihukumu. Niliamini kabisa kwamba ni muvi ya hovyo iliyovuma kwa kelele tu, na kwamba nitaona kwa macho yangu watu walivyodanganyana. Sikutaka kuitazama peke yangu. Nikampelekea yule mama wa Kihindi nyumbani kwao, ghorofani juu ya duka. Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi, tukakaa mbele ya televisheni.

Vumbi la daraja lilipotulia, tulimwona yule kijana mkubwa anarudi kwao peke yake. Yeye ndiye aliyelilipua daraja, na mdogo wake alikuwa juu ya daraja hilo. Anamkuta mama yao uani anamenya njegere. Anakaa chini, anaanza kumsaidia. Mama haulizi lolote. Hakuna muziki, na hata mtafsiri aliyekuwa akipiga kelele muvi nzima alinyamaza. Wanamenya. Baadaye mama anamuuliza kama njaa inamuuma. Anasema hapana. Mama anaendelea kumenya.

"Anajua," yule mama mzee alisema taratibu.

"Nani?"

"Mama yake. Anajua. Ndiyo maana haulizi."

Nikaomba tuirudie sehemu hiyo, na wakati huohuo nilikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kuidharau, na kumbe sehemu nzuri kuliko zote ndiyo hiyo ambayo karibu hakuna aliyeiona. Kwa hiyo waliosema ni muvi nzuri walisema kweli, ila hawakuwa na njia yoyote ya kuijua kweli hiyo.

Niliandika tangazo kwenye boksi nikalitundika mlangoni: aje mwenye ile ya daraja achukue mwisho wake bure. Walikuja wachache. Kijana mmoja wa kuosha magari aliutazama palepale akiwa amesimama, akaniambia, "Hii mmeiongezea nyie, inaboa." Wengi walisoma tangazo, wakaulizia kitu kipya. Mvua zilipoanza, daraja lilikuwa limesahaulika. Nililifuta kwenye kompyuta kupisha nyingine ambayo nayo, kwa maneno yaleyale, ilikuwa kali.

Wifi nilimpata ana kwa ana kwenye msiba wa ukoo. Alianza kabla sijauliza. "Sikuiangalia, wifi. Nililala hata kabla ya hilo daraja kulipuka. Lakini pale mashineni wote walikuwa wanaiongelea. Wenzio wakikaa kupepeta huku wanapiga stori, wewe utasema hujaiona? Utakaa na nani?" Nikahisi hata wale wenzake, nikiwabana mmojammoja, wangenijibu hivyohivyo.

Tangu hapo nikawa nawauliza wateja muvi wanayoisifu inakwendaje. Si kwa ubaya. Nilitaka tu mtu anisimulie. Wengi walikasirika. Lakini alikuja mama mmoja kutoka Idodi, ametua ndoo ya asali mlangoni, akaniulizia muvi aliyoiona ikionyeshwa kwenye ukuta wa shule akiwa mdogo. Jina halijui. Ilikuwa ya mwanamke anayekwenda kwa miguu kumrudisha ng'ombe aliyeuzwa. Akanisimulia yote, nguo ya yule mwanamke, mto alioshindwa kuvuka, ng'ombe alivyogoma kutambua sauti yake, na alipofika hapo mwenyewe akasita, akajifuta uso kwa khanga. Nilimsikiliza nikitafuta uongo. Sikuupata.

Muvi hiyo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote, kabla yake wala baada. Jamaa wa Mbeya anasema haipo. Kibanda nilishakifunga, lakini bado naiulizia kila ninapopita mahali wanapouza muvi za zamani.