Mahali pa Dungu la Tata Kabemba

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mzee Kabemba, ambaye sote tunamwita Tata, ni jinsi alivyokuwa akikaa chini. Tulikuwa tunapita ukingoni mwa shamba la maharage kutafuta njia za mbawala, na kila baada ya hatua hamsini alikunja magoti kwa shida, akakaa kwenye nyasi, akatazama mbele, kisha akanyoosha mkono nimwinue. Nilidhani ni uchovu tu. Uchovu ulikuwepo, kwa sababu miaka kumi na tisa ya kuchimba katika mgodi wa Mutoshi ilikuwa imemmaliza magoti na kifua. Lakini akiwa chini, macho yake yalikuwa kwenye kimo cha macho ya mbawala, naye alikuwa anatazama anachokiona mnyama.

Shamba ni la Mama Annie, kwenye barabara inayotoka Kolwezi kwenda Lubudi. Kabemba ni mlinzi hapo, na analala katika nyumba ya chumba kimoja kando ya pampu. Mwaka huu mbawala walianza kula maua ya maharage kila alfajiri. Mama Annie alichukua kibali cha kuwinda, akampa Kabemba bunduki ya marisau na muda: mpaka maharage yafunge maganda. Akishindwa, wataitwa watu wa mbwa na nyavu, na hao watahitaji ile nyumba.

"Mu ile nyumba mi napumua, injinia," Kabemba aliniambia. Ananiita hivyo kwa sababu nimesomea kilimo. "Mu mji nilikuwa nakohoa sawa moteri ya zamani."

Kwa hiyo ilibidi achague vizuri mahali pa dungu, lile jukwaa la miti ambalo mwindaji hungojea juu yake.

Mama Annie alitaka likae juu ya kichuguu, ambacho ni kirefu kama nyumba.

"Pale utaona shamba yote, tata."

"Nitaona yote, mama, na yote itaniona."

Mathieu, dereva wa trekta, alicheka. "Sema tu unaogopa kupanda."

"Kupanda haina neno. Kushuka ndiko nilishuka ya kutosha kule Mutoshi."

Mimi nilipendekeza kivuko cha kijito, ambako nyayo zilikuwa nyingi. Kabemba aliminya soksi yake kuukuu iliyojaa majivu. Vumbi likatuelekea, upepo ulikuwa mzuri: haukupeleka harufu yetu kijitoni. Kisha akaonyesha ng'ambo, kwenye ardhi ya kampuni ya madini yenye walinzi.

"Mbawala akipigwa haanguki palepale. Anakimbilia kichaka. Na nyama ni ya udongo ile inaangukia. Utaenda kuomba balinzi na ile karatasi yako?"

Nilikunja ramani yangu.

Alichagua mti wa mupundu, mbali kidogo na kijito, upande wetu. Tulikata miti siku mbili, sisi watatu. Kabemba alipanda ngazi vidato vitatu, akaegemeza paji la uso kwenye mti, akapumua, akapanda vingine vitatu. Kazi ilipokwisha alichukua jembe, akafyeka nyasi zote kuzunguka dungu, akaparua udongo mpaka ukawa mwekundu na sawa. Nilidhani huo ndio ufundi wenyewe.

Alikesha juu alfajiri tatu bila kuona kitu. Siku ya nne tulikuta nyayo hatua mia kutoka hapo. Mbawala walikuwa wameuzunguka mupundu kwa mbali, wakaenda kula upande mwingine. Kabemba alikaa chini palepale, akalitazama dungu muda mrefu.

"Nimechimba shimo," akasema.

Kule Mutoshi, mchimbaji husafisha kwanza mdomo wa shimo ili mawe yasiwaangukie walio chini. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo yenyewe. Nilikaa karibu naye, nikaona: doa jekundu katikati ya nyasi kavu, hakuna mnyama wa kulikosa.

"Tuhamishe dungu, tata," alisema Mathieu. "Tulete hapa banapopita."

"Tukihamisha, nabo batahama. Na mi sina tena nguvu ya dungu ya pili. Turudishe majani."

Siku nzima tulibeba majani makavu kwa magunia. Kabemba aliyatandaza akitambaa kwa magoti na mikono. Alisema ni rahisi kuliko kuinama. Mama Annie alitukuta hivyo.

"Mwindaji anapanda majani sasa?"

"Nafunika shimo, mama."

Hakucheka. Alichuma tawi la mharage, akalitazama. Maganda ya kwanza yalikuwa membamba kama uzi. "Siku ya Mungu," alisema, yaani Jumapili. "Siongezi tena."

Tangu hapo hatukanyagi karibu na mupundu. Jana nyayo zilikuwa hatua sitini kutoka kwenye dungu. Leo, Alhamisi, zimefika arobaini, na kwato moja imekanyaga majani yetu yaliyopeperushwa na upepo hadi hapo. Nilikwenda mbio kumwambia. Alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba, miguu imenyooshwa, na hakuinuka.

"Basi nipande kesho?" aliniuliza, halafu akajijibu mwenyewe. "Hapana. Aizoee kwanza. Siku ya posho." Hiyo ni Jumamosi, siku moja kabla ya muda wa Mama Annie kwisha.

Amefumba macho. Soksi ya majivu imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake, na mimi nimeishusha mara mbili tangu saa sita kupima upepo. Bado unatoka upande wa kijito.