Nilichagua Picha ya Sebuleni Kwangu, Nikakuta Pacha Wake Chikongola

Admin, naomba jina langu libaki kwako, maana mume wangu naye hupita kwenye ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tisa, ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ziwani hapa Mtwara. Tulifunga ndoa kanisani na tuna watoto wawili, wote wako bweni. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, alihamishiwa huku kikazi kutoka nyanda za juu, tukakutana, akabaki.

Tulijenga Mikindani, sehemu ya mwinuko. Dirisha la sebule ni kubwa, ukikaa kwenye kochi unaiona ghuba na mikoko yote. Nyumba ilipoisha mume wangu akaniambia, "Mama Neema, mambo ya ndani nakuachia. Wewe ndiye mwenye jicho." Neno hilo nililibeba kwa uzito. Nyumba niliyokulia ukutani kulikuwa na kalenda tu. Nikawa naangalia mwanga unavyoingia asubuhi na unavyotoka jioni. Majirani walisema niweke picha ya bahari, nikakataa. Bahari ipo dirishani, ukiongeza nyingine ukutani zitagombana. Nilitaka rangi tulivu, za udongo mwekundu wa mashambani kwetu na kijivu cha tope maji ya bahari yakishatoka.

Nikampata mchoraji anayeishi karibu na Mto Ruvuma, mtu mzima, asili yake Msumbiji. Nikamweleza anichoree pale mto unapoingia baharini, maji yametoka, wanawake wameinama wanaokota chaza. Chini ya picha ningeweka kinyago kimoja cha mpingo, basi, kisizidi kitu. Mapazia nikachagua ya rangi ya udongo. Kila nilichochagua mume wangu alikipiga picha kwa simu yake, na kulipa alikwenda mwenyewe. Nilidhani anajivunia.

Mchoraji aliileta picha mwenyewe, Jumamosi asubuhi. Mume wangu alikuwa ameaga anakwenda Masasi kikazi. Mzee yule akaitundika, akarudi nyuma, akaitazama, akasema, "Mama, hapa imekaa vizuri kuliko kule. Kule ukuta ni wa kijani, unaimeza."

Nikamuuliza, "Kule wapi?"

"Kule mjini, Chikongola, kwa bi mdogo. Bwana aliniambia nichore mbili zinazofanana, kama alivyochagua mama."

Alisema kwa adabu kabisa. Kwake mtu kuwa na wake wawili si habari. Akanitazama, akauliza kama kuna kosa. Nikamwambia, "Shusha kidogo upande wa kushoto." Akashusha. Nikampikia chai, na wakati anakunywa nikamuuliza nyumba hiyo iko wapi hasa. Akanielekeza.

Kesho yake nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja Chikongola. Alifungua msichana ambaye sidhani amefika miaka ishirini na sita, mpole, kanga kiunoni. Nikamwambia nimetoka kwa mchoraji, nimekuja kuangalia kama picha imekaa sawa. Hata sijui uongo huo niliutoa wapi. Akanikaribisha ndani.

Ndugu zangu, niliingia sebuleni kwangu. Mapazia yale yale. Kinyago cha mpingo, cha mkono wa fundi yule yule. Picha ilikuwa mkabala na mlango, na dirisha lao linatazama ukuta wa duka la jirani. Kwenye mkeka alikuwa amelala mtoto wa kiume, mwenye paji la uso la mume wangu.

"Karibu dada," aliniambia. "Mimi vitu hivi sivijui, hata kupanga vikombe kunanishinda. Mwenye jicho ni baba mtoto. Amechagua kila kitu mwenyewe."

Nikamwambia jua la mlangoni litaifubaza, tuihamishie ukuta wa ndani. Akashika upande mmoja, nami nikashika mwingine. Tukaihamisha. Ilipendeza. Akanishukuru, akanipa maji, nikanywa, nikaondoka.

Mume wangu aliporudi nilimwekea chakula, akala. Nikamwambia, "Nimefika Chikongola." Akaacha kutafuna. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini alimpelekea vitu vyangu. Akainamisha kichwa, akasema, "Sikujua kuchagua. Nilijua ukichagua wewe kitakuwa kizuri."

Tangu hapo ni miezi sasa. Wifi yangu amenipigia kutoka kwao, anasema nyumba si bado ninayo, ndoa ni kuvumilia. Mama yangu kule Ziwani hakusema mengi, amefagia chumba changu cha zamani, akasema nikitaka kupumzika nije. Mume wangu anarudi mapema, anaongea kwa sauti ya chini kama tuna mgonjwa ndani. Mimi nafundisha, nasahihisha madaftari, napika, nalala. Sijagombana na mtu. Sijalia hata siku moja.

Wiki iliyopita yule binti alinipigia. Sasa ameshanijua, yule mzee mchoraji alimweleza na kumpa namba yangu. Alikuwa analia hadi maneno hayatoki. Alisema aliambiwa mke alishafariki, ndiyo maana hakuwahi kuuliza. Akasema, "Dada, ukiniambia niondoke, namchukua mwanangu narudi kwetu Newala, hutanisikia tena. Ukiniambia nibaki, nitabaki kwa heshima yako. Nimekuachia wewe." Mume wangu nilipomweleza akajibu hivyo hivyo, kwamba nitakaloamua ndilo atakalofuata.

Yaani wote wawili wamekaa wananisubiri mimi. Nikijiangalia ndani simwoni wa kumchukia, na simwoni wa kumwonea huruma, hata mimi mwenyewe. Binti nilimwambia nitampigia. Sijampigia.

Nishaurini wenzangu, nifanye nini? Na kama yupo humu aliyewahi kuwa hivi, aniambie, yale machozi yalikuja lini?