Msumari Kwenye Habu ya Nyuma

Waliomuua mke wangu ni wawili, na wote wawili nikikutana nao hunipa salamu. Majina siandiki, wenyewe wanajijua. Mmoja ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja, yaani shemegi yangu. Wa pili ni fundi wa Chake Chake. Watu hunikataza kusema hivi, wanasema ni kadari. Kadari naijua. Lakini kadari haikuingiza gari baharini.

Huku kwetu Vitongoji mwani huvunwa maji yakitoka, na gunia la mwani mbichi linamshinda mtu begani. Basi wenye magari wamezoea kushuka nayo hadi kwenye maji ya magotini na kupakia huko huko. Wakirudi wanalimwagia gari ndoo za maji ya kisima, wanafuta, linang'ara, wanasema chumvi imetoka. Ya bodi imetoka. Iliyoingia ndani ya habu, pale gurudumu linapozungukia, haitoki kwa ndoo.

Shemegi alikuja kuazima pikapu yangu, akasema anakwenda kuchukua kuni. Ikarudi inanuka mwani. Baada ya muda ikaanza kuvuma nyuma, kama mtu anayesaga kitu chumba cha pili. Nikaipeleka kwa fundi. Akaniambia, "Hiyo beringi tu, mzee, nenda kanywe chai." Nikaenda kunywa chai.

Alichofanya ni kupaka grisi mpya juu ya ile chafu, na mahali pa pini inayozuia nati isifunguke akaweka msumari. Nasema hivyo kwa sababu kipande chake nilikiona mwenyewe baadaye, kimeganda tunduni, kutu tupu.

Tulikuwa tunateremka mlima. Gurudumu likatupita upande wa mke wangu, linakwenda peke yake mbele yetu. Akasema, "Hee, tizama, tairi la nani lile?" Gari likapinduka. Hakusema tena neno. Mimi nilitolewa na mguu huu ninaouburura. Kwenye hitima wote wawili walikuja, wakasoma, wakala pilau.

Skuli niliacha darasa la nne. Habu nimejifunza baada ya pale, kwa kufungua. Sijui kwa nini. Siku zilikuwa ndefu.

Mwaka huu, asubuhi moja, shemegi akasimamisha gari lake mlangoni kwangu. Mama yake, mkwe wangu, alikuwa kiti cha mbele.

"Shemegi, gari inavuma nyuma."

"Mpelekee fundi wako."

"Ah, yakhe, usinchome hivyo."

"Mwani unapakia bado?"

Akacheka kidogo. "Weye na mwani wako!"

"Wangu? Mie sijauza hata gunia."

Mama akaninyooshea mkono dirishani. Figo zake zimechoka, kila wiki anapelekwa hospitali Chake, na zamu yake ilikuwa kesho. "Mwanangu," akasema, "n'tafika kesho?"

"Tutaangalia, mama."

Tukamshusha akae barazani. Mimi nikapanda nyuma, nikamwambia shemegi aendeshe taratibu. Akikata kulia mvumo unapanda, akikata kushoto unashuka. Gari likikata kulia uzito unalala kushoto, kwa hiyo mbovu ni la kushoto. Tukarudi tukalipiga jeki. Nikalishika gurudumu juu na chini nikalitikisa, likagonga. Nikalizungusha, kiganja nimekiweka kwenye springi. Nikahisi mchanga unasagika.

Nikafungua. Grisi imekuwa kijivu, imechanganyika na maji. Na kwenye tundu la pini, msumari.

"Nani alifungua hii?"

Shemegi akatazama chini. "Yule yule."

"Ukarudi kwa yule yule?"

"Alikuwa karibu, shemegi. Na ni mtu wa maneno mazuri."

Nikauchomoa, ukakatika kwa vidole. Nikautia kiganjani mwake. Nilingoja hasira ije, haikuja. Nikamwambia akalete beringi, sili ya kuzuia maji yasiingie, na pini mpya, na akirudi na msumari asinijie.

Alipokwenda nilisafisha kila kitu kwa mafuta ya taa. Vikombe vya beringi vilikuwa vimeliwa vidoadoa, nikavitoa kwa kipande cha shaba, kwa sababu nyundo ikigonga chuma kwa chuma inaumiza mahali vikombe vinapokalia. Aliporudi nikavipandisha vipya. Grisi nikaisukuma kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili. Nati nikaikaza huku nalizungusha gurudumu, nikailegeza kidogo, nikatia pini, nikaikunja miguu.

"Sasa tikisa," nikamwambia.

Akatikisa. Halikugonga. Akabaki amelishika. "Shemegi," akaanza, "siku ile..."

"Shusha jeki."

Akashusha. Mama akamwita kutoka barazani. "Umeshika nini mkono huo?"

"Msumari, mama."

"Wa nini?"

Akanitazama mimi. Nikaendelea kunawa mikono. Shemegi akauweka mfukoni.

Kesho yake asubuhi nilisimama njiani. Walipita, mama kiti cha mbele, kajifunika kanga. Shemegi alipunguza mwendo kama anayetaka kusimama, nikampungia apite. Nikasikiliza gurudumu la kushoto mpaka walipokata kona, kulia. Halikuvuma. Nikarudi ndani, muhogo ulikuwa umeshapoa, nikala.